Urefu wa Kilimanjaro ulioandikwa mara tatu: kwa nini unagawanyika kwa 7 na 13?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza maparachichi pale Mbuyuni, Moshi. Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi alikaa kibarazani akaandika urefu wa mlima wetu, 5895, mara tatu bila kuacha nafasi: 589558955895. Akaanza kuigawa kwa mkono. Anasema inagawanyika kwa 7, kwa 13 na kwa 37 bila baki, ingawa 5895 yenyewe haigawanyiki kwa hata moja kati ya hizo. Anadai pia inagawanyika kwa 81, kwa sababu tarakimu zake ukizijumlisha unapata 81. Kaka yake aliyeko chuo amemwambia hiyo ni bahati tu, namba ikishakuwa kubwa haikosi vigawo. Mtoto amenuna. Mimi niliishia darasa la saba na shuleni kwao wanasoma kwa Kiingereza, naomba unieleze kwa Kiswahili: ni bahati au kuna sababu? Na namba hiyo ina mambo gani mengine?

JIBU: Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako hapa nyumbani Arusha mara mbili, kisha nikachukua kalamu na karatasi, kwa sababu swali kama hili halijibiwi kwa maneno matupu. Nianze na hukumu, maana kuna mtu amenuna huko. Kwa 7, 13 na 37 binti yako yuko sahihi kabisa. Kwa 81 amekosea, nami nitaonyesha alipoteleza. Kaka yake amekosea pia: katika hizo tatu za kwanza hakuna bahati hata chembe. Ni lazima iwe hivyo, na sababu yake inaelezeka kwa hesabu za darasa la saba pamoja na uzoefu wako wa sokoni.

Kwanza tuisome namba yenyewe, maana wengi huiona kama mstari tu wa tarakimu: bilioni mia tano themanini na tisa, milioni mia tano hamsini na nane, elfu mia tisa hamsini na tano, mia nane tisini na tano. Ukihesabu moja, mbili, tatu, namba moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utaifikia baada ya miaka 18,682 hivi. Mwaka 2000 timu ya mwanasayansi Lonnie Thompson ilichimba barafu kule juu Kilimanjaro, na ile ya chini kabisa waliyoitoa ikakadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700. Kwa hiyo mtu ambaye angefika mwisho wa hesabu hii leo, angekuwa ameianza maelfu ya miaka kabla barafu hiyo haijaganda.

Tena nampongeza binti kwa kugawa kwa mkono. Kikokotoo cha shule chenye nafasi kumi hakiwezi kuionyesha namba ya tarakimu kumi na mbili. Kinaikata mkia, na sisi tunautaka mkia. Ukiuliza baki ukiwa na namba iliyokatwa mkia, unapata jibu la namba nyingine.

Sasa tuifungue. Tarakimu 5895 zimekaa mahali patatu. Zile za mwisho kulia zina thamani yake ya kawaida, 5895. Zile za katikati zimesogezwa nafasi nne kwenda kushoto, kwa hiyo thamani yake ni 5895 mara 10,000. Zile za kwanza zimesogezwa nafasi nane, basi ni 5895 mara 100,000,000. Ukijumlisha zote tatu:

589,558,955,895 = 5895 × 100,010,001

Hapa ndipo siri yote ilipo. Namba ya binti yako imetengenezwa na vitu viwili: mlima, yaani 5895, na kile nitakachokiita kiunzi, yaani 100,010,001. Kiunzi hakijui chochote kuhusu Kilimanjaro. Ukiandika mara tatu urefu wa Meru wa huku kwetu, 4566, kiunzi ni kilekile. Ukiandika mara tatu tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu, kiunzi ni kilekile. Kwa hiyo kama 7, 13 na 37 hazimo ndani ya 5895, basi zimo ndani ya kiunzi, na kila namba ya tarakimu nne iliyoandikwa mara tatu itagawanyika kwa hizo, upende usipende.

Lakini kwa nini zimo ndani ya kiunzi? Twende Mbuyuni.

Tuseme umeletewa maparachichi katika marundo matatu. Rundo la kwanza lina parachichi 100,000,000, la pili lina 10,000, na la tatu lina parachichi moja tu. Unataka kuyapanga yote kwa mafungu ya saba saba. Anza na lile la 10,000. Mafungu 1,428 yanakula parachichi 9,996, yanabaki manne. Sasa lile rundo kubwa. Usihangaike kuligawa lote, kwa sababu 100,000,000 ni 10,000 mara 10,000. Kama kila elfu kumi huacha baki 4, basi elfu kumi mara elfu kumi huacha 4 × 4 = 16; katika hayo 16 unatoa mafungu mawili, yanabaki mawili. Rundo la tatu ni parachichi moja, na halifiki fungu, linabaki lenyewe.

Kusanya mabaki: 2 na 4 na 1. Ni saba. Mabaki yenyewe yamefanya fungu moja kamili! Hakuna parachichi lililobaki mezani, na kiunzi kimegawanyika kwa 7.

Fanya hivyohivyo kwa mafungu ya 13. Elfu kumi huacha baki 3; rundo kubwa huacha 3 × 3 = 9; la mwisho 1. Jumla 13. Kwa mafungu ya 37, elfu kumi huacha 10, rundo kubwa huacha 100 kutoa 74, yaani 26, na la mwisho 1. Jumla 37. Kwa mafungu ya tatu tatu, kila rundo linaacha 1, jumla 3. Nimeyafundisha mambo ya mabaki kwa miaka mingi na bado jambo hili hunifurahisha kila ninapoliona: mabaki ya marundo matatu yanakutana na kutimiza fungu moja, si nusu, si mawili.

Mtu makini atauliza kwa nini isiwe mafungu mawili. Baki la rundo lolote ni dogo kuliko fungu. Kwa mafungu ya 37, kwa mfano, baki kubwa kabisa ni 36. Mabaki mawili makubwa kabisa na lile parachichi moja ni 36 + 36 + 1 = 73, na mafungu mawili yanahitaji 74. Hayafiki. Kwa hiyo mabaki yakikubali kupangika, yatatimiza fungu moja tu.

Kuna moja zaidi ndani ya kiunzi ambayo binti yako hakuitaja, na simlaumu, kwa sababu hakuna mtu anayejaribu kugawa kwa 9,901. Ijaribu. Elfu kumi toa 9,901 ni 99. Rundo kubwa huacha 99 × 99 = 9,801. La mwisho 1. Jumlisha: 99 + 9,801 + 1 = 9,901. Fungu moja tena. Kiunzi chote ndicho hiki:

100,010,001 = 3 × 7 × 13 × 37 × 9,901

Kwa hiyo kaka mtu akirudi likizo, mwambie hivi. Ni kweli namba kubwa huwa na vigawo, lakini si vyovyote utakavyo. Ukichukua namba yoyote bila kuchagua, kwa wastani ni moja tu katika kila 10,101 inayogawanyika kwa 3, 7, 13 na 37 kwa pamoja. Binti anaweza kuandika namba yoyote ya tarakimu nne mara tatu, leo, kesho na mtondo, na isikose hata mara moja. Bahati haina tabia hiyo.

Nije kwenye 81. Binti amekumbuka kanuni nzuri: namba ambayo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9, nayo inagawanyika kwa 9. Tarakimu za 5895 zinaleta 27, na zikirudiwa mara tatu zinaleta 81. Hadi hapo sawa, namba inagawanyika kwa 9. Kosa ni kuivuta kanuni ya 9 hadi kwenye 27 na 81. Kanuni ya 9 inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na wenzao wote huacha baki 1 zikigawanywa kwa 9, kwa hiyo kila tarakimu huhesabika kama ilivyo. Kwa 81 haiko hivyo. 10 huacha 10, na 100 huacha 19. Hahitaji hata kwenda mbali kupata mfano: mlima wenyewe, 5895, una jumla ya tarakimu 27, lakini ukiugawa kwa 27 unapata 218 na baki 9.

Namba kubwa ukiigawa kwa 9 inatoka 65,506,550,655. Jumla ya tarakimu hizo ni 48, ambayo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Gawa kwa 3 upate 21,835,516,885. Jumla ni 52, na hapo 3 imekwisha. Kwa hiyo tatu zimo tatu tu, yaani 27, wala haifiki 81.

Kama anataka njia halali ya kupima 27, amfundishe na kaka yake hii. Elfu moja ikigawanywa kwa 27 huacha baki 1, kwa kuwa 27 × 37 = 999. Basi ikate namba vipande vya tarakimu tatu tatu, kama tunavyoweka mkato tunapoandika hela, na uvijumlishe: 589 + 558 + 955 + 895 = 2,997. Hiyo ni 999 mara tatu kamili. Kwa kipimo kimoja umeshajua kuwa namba inagawanyika kwa 27 na kwa 37, na hata kwa 999 yenyewe. Kuna kipimo ndugu yake kwa 7, 11 na 13, ambazo zao lake ni 1,001: badala ya kujumlisha vipande vyote, unaruka kimoja kimoja. Vipande 895 na 558 vinaleta 1,453. Vipande 955 na 589 vinaleta 1,544. Tofauti ni 91. Na 91 ni 7 × 13. Kwa hiyo 7 imo, 13 imo, 11 haimo. Mstari mmoja wa daftari.

Sasa namba yote. Mlima ni 3 × 3 × 5 × 131, na kiunzi tumeshakiona. Ukivikutanisha:

589,558,955,895 = 3 × 3 × 3 × 5 × 7 × 13 × 37 × 131 × 9,901

Hizi zote ni namba tasa, zile ulizosoma shule ya msingi, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nalipenda sana neno letu hili. Tasa ni asiyezaa, lakini katika hesabu mambo yamegeuka: hizi tunazoziita tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote, na kila namba ina ukoo mmoja tu wa namba tasa. Binti akitumia njia yoyote, aanze na 37 au amalizie na 5, atafika kwenye orodha hiihii.

Atauliza nina uhakika gani kuwa 9,901 ni tasa. Ajaribu mwenyewe, kazi si kubwa. Kipeuo cha pili cha 9,901 hakifiki 100, kwa hiyo anatosheka na namba tasa zilizo chini ya 100, nazo ni 25. Ikigawanywa kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 8, na aendelee hivyo hadi 97, ambako inabaki 7. Ni jioni moja tu.

Linganisha na kazi ambayo angekuwa nayo kama asingejua habari ya kiunzi. Kipeuo cha pili cha namba yote ni 767,827 na ushee, na namba tasa zilizo chini ya milioni moja ni 78,498. Namba ya tarakimu kumi na mbili isiyo na mpangilio wowote, iliyo zao la namba tasa mbili kubwa, ingemfanya agawe maelfu kwa maelfu ya mara. Ugumu huo watu wameugeuza kufuli. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe inayotegemea kwamba kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini kuzitenganisha tena ni taabu. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuivunja namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Ya binti yako imefunguka kwa kalamu kwa sababu ina umbo, naye aliliona umbo hilo kabla ya mtu mwingine nyumbani.

Umeuliza ina mambo gani mengine. Yapo mengi, nichague yanayonivutia.

Ina vigawo 256. Kuvihesabu hakuhitaji kuviandika. Kila kigawo kinatengenezwa kwa kuchagua baadhi ya zile namba tasa, kama unavyochagua viungo vya kutia sufuriani. Kwa 3 una njia nne: usitie, utie moja, mbili au zote tatu. Kwa kila moja ya zile sita nyingine, 5, 7, 13, 37, 131 na 9,901, una njia mbili: tia au acha. Basi 4 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 256. Mlima peke yake una vigawo 12 tu. Mtu mwenye miche ya kahawa 589,558,955,895 angeweza kuipanga kwa mistari iliyonyooka, kila mstari ukiwa na idadi sawa, kwa namna 128 tofauti, bila kubakiza mche.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tangu zamani Wagiriki walizipima namba kwa kujumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa namba yenyewe. Chukua 6: vigawo vyake ni 1, 2 na 3, jumla 6. Imetoka sawa, wakaiita kamilifu. Chukua 10: 1, 2 na 5, jumla 8, imepunguka. Chukua 12: 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16, imezidi. Namba shufwa zinazozidi ni nyingi. Namba witiri zinazozidi ni adimu. Ukianza 1, 3, 5, 7 na kuendelea, hutaikuta hata moja mpaka ufike 945. Vigawo vya 945, ukiitoa yenyewe, ni kumi na vitano na jumla yake ni 975.

Sasa tazama 945 ni nini: 3 × 3 × 3 × 5 × 7. Rudi kwenye orodha yetu ya juu. Imo yote! Namba ya binti yako ni 945 mara 623,871,911. Chukua vile vigawo kumi na vitano vya 945, kila kimoja ukizidishe kwa 623,871,911; vyote ni vigawo vya namba yetu, na jumla yao ni 975 mara 623,871,911, ambayo tayari imeshaizidi namba yenyewe kabla hujagusa vigawo vingine vyovyote. Jumla kamili ya vigawo vyake, ukiitoa yenyewe, ni 745,528,496,265. Imezidi kwa zaidi ya bilioni 155.

Hapa niseme ukweli kwa faida ya kaka mtu, maana sitaki aonekane amekosea kila mahali. Ile 945 haikutoka kwenye kiunzi peke yake. Kiunzi kimeleta 3 moja na 7. Mlima umeleta 3 mbili na 5. Wamekutana njiani wakatimiza 945. Sehemu hii ndiyo ya mlima wetu hasa, haitokei kwa kila namba. Urefu wa Meru, 4566, ni 2 × 3 × 761. Ni shufwa, kwa hiyo ukiuandika mara tatu unatoka katika habari ya witiri kabisa. Kama kuna mahali pa neno bahati katika mazungumzo yenu ya kibarazani, ni hapa, si kwenye 7 na 13.

Na kama binti atauliza kama ipo namba witiri iliyo kamilifu, ambayo vigawo vyake vinatoka sawa bila kupunguka wala kuzidi, mwambie hakuna aliyewahi kuipata, wala hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba haipo. Swali limekaa wazi tangu enzi za Wagiriki.

La tatu ni la miraba, nalo ni fupi. Tuseme ile miche ya kahawa unataka kuipanda katika vitalu vya mraba, mistari sawa na idadi ya miche katika kila mstari, bila kubakiza. Vitalu vinaweza kutofautiana ukubwa. Kwa namba hii, kitalu kimoja hakitoshi, viwili havitoshi, na hata vitatu haviwezekani, uvipange utakavyo. Sababu iko kwenye mafungu ya nane. Kipeo cha pili cha namba yoyote nzima, ukikigawa kwa 8, huacha baki 0, 1 au 4 tu. Ajaribu 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49 ataona. Namba yetu ikigawanywa kwa 8 huacha baki 7, na kulijua hilo unahitaji tarakimu tatu za mwisho tu, kwa kuwa 1,000 inagawanyika kwa 8: 895 ni 8 mara 111, baki 7. Sasa chukua tatu kati ya 0, 1 na 4, ukiruhusiwa kurudia, ujaribu kufanya 7. Nne na moja na moja ni sita. Nne na nne na sifuri ni nane. Saba haipatikani, na 15 ni mbali, maana kubwa kabisa ni 12. Vinahitajika vitalu vinne, na kwamba vinne vinatosha kwa namba yoyote ile duniani alithibitisha Lagrange mwaka 1770.

Nimebakiwa na 11, ambayo najua binti ataiulizia, kwa sababu ameona 7 na 13 zimo na yenyewe iliyo katikati yake imekosekana. Rudi kwenye marundo yako. Ukipanga kwa mafungu ya kumi na moja, elfu kumi huacha parachichi moja, na rundo kubwa huacha moja, na lile la peke yake ni moja. Jumla matatu. Hayafanyi fungu. Kwa hiyo kuandika namba mara tatu hakuisaidii 11 chochote. Itagawa namba kubwa ikiwa tu iligawa ile ndogo tangu mwanzo. Lakini ukitaka 11 ipatikane, badili umbo. Soma namba za magari yanayopita barabarani hapo Mbuyuni: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Chukua zile tarakimu tatu, tuseme 478, uziandike mara mbili: 478478. Hapo kiunzi ni 1,001, kwa hiyo kila gari linalopita, likiandikwa hivyo, litagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

Umbo likibadilika na vigawo vinabadilika. Akiandika 5895 mara mbili tu badala ya tatu, kiunzi kinakuwa 10,001, ambacho ni 73 × 137. 7 na 13 zinatoweka. Akiandika tarakimu mbili mara tatu, kama 585858, kiunzi ni 10,101 na zinarudi 3, 7, 13 na 37, zote nne. Na akiandika 5895 mara nne, kiunzi ni 1,000,100,010,001. Hicho sitamfungulia. Ninampa vidokezo viwili: kimetengenezwa na 10,001 mara namba nyingine yenye sifuri nyingi, na ndani ya hiyo nyingine imejificha 17. Apange maparachichi kwa mafungu ya kumi na saba, aone elfu kumi inaacha baki gani, kisha aniandikie alichokipata.